Je, sera ya nje huamuliwa na utambulisho wa taifa, au ni maslahi tu?

Msomaji wa Morogoro anauliza: "Naandika tasnifu ya shahada ya uzamili kuhusu sera ya mambo ya nje ya Tanzania. Msimamizi wangu anataka nioneshe jinsi utambulisho wa taifa na kaida za pamoja za mataifa zinavyoathiri maamuzi ya serikali. Mimi naona hayo ni maneno ya majukwaani. Mkono mtupu haulambwi, na kila nchi hufuata maslahi yake. Kama utambulisho una nguvu hivyo, mbona Tanzania ya leo haifanani na ile ya Mwalimu? Na nitapimaje kitu kisichoshikika?"

Ndugu yangu, umeweka maslahi upande mmoja na utambulisho upande mwingine kama timu mbili, refa akingojwa kutangaza mshindi. Shida ni kwamba maslahi hayaji yakiwa yameandikwa. Hakuna wizara inayofungua droo asubuhi ikakuta orodha ya maslahi ya taifa imelala humo. Lazima mtu aamue kwamba jambo fulani linatuhusu, na hawezi kuamua hivyo bila kuwa na jibu, hata la moyoni, la swali "sisi ni nani?" Mwafrika wa Rhodesia (Zimbabwe ya leo) ya mwaka 1965 hakuwa raia wa Tanzania, hakulipa kodi Dar es Salaam wala hakupiga kura Dodoma. Hata hivyo serikali ya Tanzania ilihesabu kukandamizwa kwake kuwa hasara yake yenyewe. Anza tasnifu yako hapo: hesabu hiyo ilitoka wapi?

Tuelewane maneno kwanza. Utambulisho wa taifa, kwa kazi yako, ni jibu ambalo watawala na wananchi hulitoa kuhusu wao ni akina nani na nani si wenzao. Kaida ni matarajio ambayo kundi la nchi linakuwa nayo juu ya mwenendo wa kila mwanachama: mipaka iliyorithiwa isiguswe, jirani asipinduliwe, kaburu asikaribishwe mezani. Sheria ukiivunja unaweza kushtakiwa. Kaida ukiivunja, mabalozi wenzako wanaanza kukukwepa kwenye korido, mgombea wako wa nafasi ya kimataifa anakosa kura, na lile jina baya ulilokuwa ukiwaita wengine linakurudia.

Vitu hivi viwili hufanya kazi mapema kuliko watu wanavyodhani, kabla hata mjadala haujafika kwa mkubwa. Mfikirie afisa wa dawati anayeandaa dokezo kwenda kwa Katibu Mkuu. Ataandika njia mbili au tatu, kila moja na faida na hasara zake. Njia ya nne haiandiki kabisa, kwa kuwa anajua "nchi kama yetu haifanyi hivyo". Mwaka 1970 hakuna afisa wa Tanzania ambaye angependekeza kwa maandishi kufungua ubalozi Pretoria, hata kama angeweza kuonesha faida ya biashara. Malawi ya Kamuzu Banda ilianzisha uhusiano wa kibalozi na Afrika Kusini mwaka 1967. Bara ni lile lile na umaskini ni ule ule, na ziwa moja tu linazitenganisha nchi hizo. Ukitaka kuona utambulisho ukifanya kazi, tafuta karatasi ambazo hazikuandikwa. Hili ni gumu kwa mtafiti, nitalirudia.

Sasa tuchukue uamuzi mmoja tuuchunguze kwa karibu. Tarehe 11 Novemba 1965 Ian Smith, Waziri Mkuu wa koloni hilo, alitangaza uhuru wa Rhodesia kwa niaba ya walowezi wachache. Uingereza, mtawala kisheria, iliweka vikwazo lakini ikakataa kutumia nguvu. Mwanzoni mwa Desemba mawaziri wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) walikutana Addis Ababa wakaazimia kwamba kama Uingereza haitauzima uasi huo kufikia tarehe 15 Desemba, wanachama wavunje nayo uhusiano wa kibalozi. Umoja ulikuwa na nchi zaidi ya 30. Zilizotekeleza hazikufika theluthi moja. Tanzania ilitekeleza siku ile ile ya mwisho, na mkopo wa Uingereza wa pauni milioni 7.5 uliokuwa umekubaliwa ukazuiwa. Uhusiano ulirudi Julai 1968, huku Smith bado yuko madarakani.

Hoja ambayo Mwalimu Nyerere aliipeleka Bungeni tarehe 14 Desemba ilikuwa ya heshima: Afrika imetoa neno mbele ya dunia, ikishindwa kulitimiza nani ataisikiliza tena? Angalia pia ambacho Tanzania haikufanya. Haikutoka Jumuiya ya Madola. Azimio la Addis Ababa lilisema kuvunja uhusiano na Uingereza, nayo Tanzania ilikwenda hadi hapo lilipoishia azimio. Nchi iliyokuwa inafoka kwa hasira tu isingekuwa makini kiasi hicho. Nchi inayotekeleza kaida hupima hatua zake kwa maneno ya kaida yenyewe.

Najua utakachojibu: Tanzania ilikuwa tayari na Wachina mfukoni, kwa hiyo pauni milioni 7.5 hazikuiuma. Hiyo ndiyo hoja shindani, na kazi yako ni kuipa nafasi yake kamili kabla ya kuipima. Ni kweli habari ya China kujenga reli ya kuiunganisha Tanzania na Zambia ilizungumzwa Mwalimu alipokwenda Beijing Februari 1965. Lakini makubaliano ya reli yalitiwa saini Septemba 1967, ujenzi ukaanza 1970 kwa mkopo usio na riba wa yuan milioni 988, na kilomita 1,860 za TAZARA zikakamilika katikati ya miaka ya 1970. Na hapa ndipo hoja inapokwama: Zambia ilipata reli hiyo hiyo, kwa mkopo huo huo, bila kuvunja uhusiano na Uingereza. Kwa hiyo kuvunja uhusiano hakukuwa sharti la fedha za China. Anayetaka kueleza tarehe 15 Desemba kwa fedha za China lazima atafute maelezo mengine.

Kwa nini Zambia haikuvunja? Shaba yake ilisafiri kwa reli ya Rhodesia na umeme wake ulitoka Kariba. Rais wake, Kaunda, aliamini yale yale aliyoyaamini Nyerere, ila shingo yake ilikuwa mikononi mwa Smith. Kenya nayo haikuvunja, na sababu zake ni tofauti: ununuzi wa mashamba ya walowezi uliendeshwa kwa fedha za Uingereza, na kaskazini vita vya Shifta, dhidi ya Wasomali waliotaka kujiunga na Somalia, vilikuwa vinaendelea, Nairobi ikihitaji rafiki mwenye jeshi. Jedwali la nchi hizi tatu, zilizopokea azimio moja na kutoa majibu tofauti, lina thamani kuliko sura nzima ya nadharia. Linaonesha kwamba utambulisho husukuma, lakini nchi hutembea umbali ambao minyororo yake inaruhusu. Tanzania ilikuwa na mnyororo mrefu kidogo, na ilikuwa na kitu kingine: tangu 1963 Kamati ya Ukombozi ya OAU ilikuwa na makao yake Dar es Salaam. Mwenye nyumba wa harakati hawezi kuwa wa kwanza kupuuza azimio lao.

Ghana ongeza kama mfano wa tahadhari. Ilivunja uhusiano pamoja na Tanzania, kisha Rais Nkrumah akapinduliwa Februari 1966 na watawala wapya wakaurudisha haraka. Nchi ni ile ile, na wananchi ni wale wale. Je, huo ulikuwa utambulisho wa Ghana au wa Nkrumah? Swali hilo hilo utaulizwa na mtahini wako kuhusu Nyerere, basi liulize wewe kwanza.

Tuje kwenye kaida, ambako mambo ni matamu zaidi kwa kuwa kaida hugongana. Julai 1964 mjini Cairo, OAU iliazimia kwamba kila nchi itaheshimu mipaka iliyoikuta siku ya uhuru. Aliyeliwasilisha azimio hilo ni Nyerere. Somalia na Moroko zililikataa, kila moja ikiwa na ardhi inayoidai. Miaka minne baadaye, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra, jimbo lililokuwa linajitenga na Nigeria. Gabon, Ivory Coast na Zambia zikafuata. OAU kwa ujumla ikabaki na Lagos, yaani serikali ya Nigeria, na Biafra ikasalimu amri Januari 1970.

Mtunzi wa kanuni ndiye aliyeivunja! Mwanafunzi mvivu ataandika "unafiki" na kufunga ukurasa. Soma hoja yenyewe. Tanzania haikusema mipaka haina maana. Ilisema dola ipo kwa ajili ya kulinda watu wake, na baada ya mauaji ya Waigbo ya 1966 watu wale hawakuwa tena na imani kwamba Nigeria inawalinda. Kaida ya mipaka ilikutana na kaida ya utu, na utambulisho ndio uliochagua ipi itangulie. Chama tawala, TANU, kiliamini kwamba binadamu wote ni sawa, na imani hiyo ndiyo iliyokuwa ngazi ya kupandia kufikia uamuzi huo. Kama uamuzi wenyewe ulikuwa wa busara ni suala jingine. Kwa maoni yangu haukuiokoa Biafra, na uliigharimu Tanzania heshima kwa Nigeria kwa muda. Lakini hautaeleweka kwa hesabu ya mafuta, kwa kuwa Tanzania haikuwa na cha kupata kule.

Mgongano mkubwa zaidi ni wa 1978 na 1979. Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliingia Kagera, na Novemba mosi akatangaza kwamba eneo lote la kaskazini ya mto, takriban kilomita za mraba 1,800, ni la Uganda. Kumtoa ilikuwa haki isiyobishaniwa. Kwenda hadi Kampala ndiko kulikogusa kaida ya pili ya OAU, ile ya kutoingilia mambo ya ndani ya mwanachama. Mtanzania yeyote wa umri fulani anayajua kwa moyo maneno matatu ya hotuba ya Mwalimu ya Novemba: uwezo, sababu, nia. Ukiyatazama kama mtafiti, uwezo ni suala la nguvu, sababu ni suala la kaida, na nia inahusu tunavyojiona. Ungeweza kuigawa sura yako ya nadharia kwa maneno hayo matatu.

Tazama jinsi kaida ilivyoathiri namna vita ilivyopiganwa, hata na aliyekuwa anaipinda. Dar es Salaam ilisisitiza kwamba kuna vita mbili: ya Watanzania kulinda ardhi yao, na ya Waganda kujikomboa. Ili vita ya pili iwe na mwenyewe, tarehe 24 hadi 26 Machi 1979 makundi ya Waganda waliokuwa uhamishoni yalikutanishwa Moshi, yakaunda umoja wa UNLF na kumchagua Yusuf Lule kuuongoza. Wiki mbili tu baadaye, tarehe 11 Aprili, Kampala ilianguka. Jeshi kubwa lililoingia mjini lilikuwa la Tanzania, lakini sauti iliyotangaza kwenye Redio Uganda kwamba Amin ameanguka ilikuwa ya Mganda, Luteni Kanali David Oyite-Ojok. Nchi isiyojali kaida haihangaiki kutafuta mtangazaji. Kuhangaika huko ndiko ushahidi wako: kaida ambayo mvunjaji wake anajitahidi kuificha au kuizungushia maneno bado iko hai.

Hata hivyo, Julai 1979 kwenye kikao cha wakuu wa nchi Monrovia, Nimeiri wa Sudan na Obasanjo wa Nigeria waliishutumu Tanzania waziwazi. Wengi husimulia hapo wakaishia. Endelea kidogo: kikao hicho hicho ndicho kilichoamua kwamba Afrika iandike mkataba wake wa haki za binadamu, uliopitishwa Nairobi 1981 na kuanza kutumika 1986. Na mkataba ulioanzisha Umoja wa Afrika, uliosainiwa mwaka 2000, unaupa Umoja haki ya kuingilia kati penye mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita na uhalifu dhidi ya ubinadamu. Machi 2008 wanajeshi wa Tanzania na Sudan walishuka Anjouan, Komoro, kumwondoa Mohamed Bacar aliyeng'ang'ania madaraka kisiwani humo, safari hii kwa baraka za Umoja. Sikuambii Kagera ndiyo iliyoleta yote hayo. Rwanda ya 1994 ina sehemu kubwa zaidi. Ila unaona jinsi uvunjaji wenye hoja unavyoweza kulegeza kaida ya zamani, na kizazi kinachofuata kikaandika mpya.

Usije ukaandika tasnifu ya sifa, lakini. Kuna mfano mmoja ambao Watanzania tunaupita haraka. Katika mgogoro wa ziwa na Malawi, mkataba wa Waingereza na Wajerumani wa tarehe 1 Julai 1890 unasomeka kwamba mpaka unapita ufukweni upande wa Tanzania. Tanzania inashikilia mstari wa katikati ya maji, na ina hoja zake za kisheria na za kibinadamu kwa watu wa Kyela, Ludewa na Nyasa wanaoishi kwa ziwa hilo. Lakini anayesema "tufuate kilichoachwa na mkoloni" katika mgogoro huu ni Malawi. Kaida ile ile ya Cairo, mtunzi wake akiwa upande wa pili wa meza. Mfano kama huu uweke ndani ya tasnifu, usiuache nje, maana unaonesha mahali ambapo utambulisho unanyamaza na maji, samaki na uwezekano wa mafuta vinazungumza.

Kosa jingine ni kuizungumzia nchi kama mtu mmoja mwenye moyo mmoja. Muungano wenyewe ulianza na tatizo hilo. Zanzibar ilikuwa imeitambua Ujerumani Mashariki tangu mwanzoni mwa 1964. Bara ilikuwa inapokea misaada ya Ujerumani Magharibi, ambayo sera yake ilikuwa kumwadhibu yeyote anayewatambua wale wengine. Februari 1965 Tanzania ilikubali Ujerumani Mashariki ifungue ubalozi mdogo tu Dar es Salaam. Bonn, yaani serikali ya Ujerumani Magharibi, ikaondoa msaada wake wa kijeshi, ukiwamo wa kuanzisha kikosi cha anga. Mwalimu akawaambia wachukue na misaada mingine iliyobaki. Hapo utambulisho wa nchi isiyofungamana na upande wowote ulikuwa bado unafinyangwa, tena ndani ya mvutano wa pande mbili za Muungano. Miaka karibu 30 baadaye ukaibuka tena: Desemba 1992 Zanzibar ilijiunga na Jumuiya ya Nchi za Kiislamu (OIC), na Agosti 1993 ikajitoa baada ya Bunge na nchi nzima kuwaka. Kikatiba hoja ilikuwa kwamba mambo ya nje ni ya Muungano. Chini yake kulikuwa na swali la nani ana haki ya kusema "sisi" mbele ya dunia.

Sasa swali lako la pili, kwa nini leo haifanani na jana. Utambulisho haufi, hupangwa upya. Makubaliano na Shirika la Fedha la Kimataifa mwaka 1986, Afrika Kusini kuwa huru 1994 na Kamati ya Ukombozi kufungwa mwaka huo huo, viliondoa adui aliyekuwa anatupa umbo. Sera ya 2001 ikaleta lugha ya diplomasia ya uchumi. Tangu hapo balozi anapimwa pia kwa watalii na wawekezaji. Ukisoma hotuba za bajeti za Waziri wa Mambo ya Nje za miaka ile na za sasa utaona aya za ukombozi zikifupika na aya za uwekezaji zikirefuka, huku Kiswahili, lugha ya Umoja wa Afrika na tangu 2019 ya SADC, kikichukua sehemu ya nafasi ya ukombozi kama jambo la kujivunia nje.

Sahara Magharibi, eneo ambalo Moroko inalidai na Wasahrawi wanataka liwe huru, ni kipimo kizuri cha mabadiliko hayo. Tanzania iliitambua jamhuri ya Wasahrawi mwaka 1978. Oktoba 2016 Mfalme Mohammed VI alikuja Dar es Salaam na mikataba mkononi, na Januari 2017 Moroko ikarudi kwenye Umoja wa Afrika. Biashara ilikaribishwa bila kutangaza kufuta utambuzi. Kenya ilijaribu njia fupi: Septemba 2022, siku moja baada ya kuapishwa, Rais Ruto aliandika mtandaoni kwamba Kenya imefuta utambuzi huo, ujumbe ukafutwa, na ndani ya siku chache Wizara ikatoa waraka ukikumbusha kwamba sera ya nje ya nchi haiendeshwi kupitia Twitter. Mei 2025 Nairobi ilitoka waziwazi kuunga mkono mpango wa Moroko wa kulipa eneo hilo mamlaka ya ndani chini yake. Mvutano ule wa siku chache kati ya kidole cha rais na kalamu ya Wizara una thamani kwa mtafiti kuliko matokeo. Ndani yake unaona kaida ikiwa na watu wanaoilinda, wenye ofisi na kumbukumbu.

Na Ukraine? Kura ya Baraza Kuu ya tarehe 2 Machi 2022 ilikuwa 141 za ndiyo, 5 za hapana, 35 za kujizuia. Kenya ilisema ndiyo. Siku chache kabla, balozi wake Martin Kimani alikuwa amelieleza Baraza la Usalama kwamba Waafrika nao walirithi mipaka wasiyoichora na wakachagua kuishi nayo. Hiyo ni Cairo 1964 mdomoni mwa nchi iliyopigana vita vya Shifta. (Miezi mitano kabla, Nairobi ilikuwa imekataa hukumu ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki kuhusu mpaka wa bahari na Somalia. Kaida huheshimiwa kwa urahisi zaidi nyumbani kwa wengine.) Tanzania ilijizuia. Zilijizuia pia Afrika Kusini, Angola, Msumbiji, Namibia na Zimbabwe, nchi zote zilizokombolewa kwa bunduki, nyingi za bunduki hizo zikitoka Mashariki. Zambia na Malawi zilisema ndiyo. Mpangilio huo unavutia, ila usiufanye ushahidi peke yake: Uganda na Burundi nazo zilijizuia bila historia hiyo.

Haya, upimaji. Chagua maamuzi matatu, yasizidi manne. Angalau mawili yawe na gharama inayohesabika, na moja liwe lile ambalo utambulisho ulishindwa. Ukichagua yale yanayokubaliana na nadharia yako tu, mtahini atakumaliza kwa swali la kwanza.

Kwa kila uamuzi, kusanya ushahidi wa utambulisho uliotangulia tarehe ya uamuzi. Hili ndilo kosa linaloangusha tasnifu nyingi: mtu anasema Tanzania ilivunja uhusiano na Uingereza kwa kuwa ni nchi ya ukombozi, akiulizwa utajuaje ni nchi ya ukombozi, anajibu kwa kuwa ilivunja uhusiano na Uingereza. Kwa Desemba 1965 unao ushahidi wa awali wa kutosha: hotuba ya mwenge na Kilimanjaro ya Oktoba 1959, tamko la Machi 1961 kwamba Tanganyika haitaingia Jumuiya ya Madola Afrika Kusini ikiwamo, na kuipokea Kamati ya Ukombozi 1963. Panga kwa tarehe, uoneshe kamba inayoviunganisha.

Hotuba zisome kwa wasikilizaji wake. Kiongozi yule yule husema jambo moja kwa Kiswahili Mnazi Mmoja na jingine kwa Kiingereza New York. Likifanana pande zote mbili, lina uzito. Likionekana upande mmoja tu, liandike kama mbinu mpaka upate sababu ya kuliita imani. Kisha linganisha na matendo yenye fedha: fungu la bajeti, idadi ya balozi zilizofunguliwa, ardhi iliyotolewa. Wewe uko Morogoro, nenda Mazimbu. Lile lilikuwa shamba la mkonge lililoachwa. Miaka ya 1970 serikali ililitoa kwa ANC, chama cha ukombozi cha Afrika Kusini, wakajenga shule, makazi na hospitali, nao 1992 wakayakabidhi majengo kwa Tanzania. Hekta za ardhi hazisemi uongo wa jukwaani.

Kura za Umoja wa Mataifa zinapatikana mtandaoni bure, lakini kuna mitego. Maazimio mengi hupita bila kura, hivyo yale yaliyopigiwa kura si sampuli ya yote. Tenganisha "kujizuia" na "kutokuwepo": kutokuwepo mara nyingine ni uzembe au ada ya uanachama haijalipwa, mara nyingine ni uamuzi kamili wa kukwepa. Kinachotofautisha ni maelezo ya kura, yale maneno machache ambayo balozi huyasoma kabla au baada. Yanukuu neno kwa neno, ujumlishe baadaye.

Kuhusu zile karatasi ambazo hazikuandikwa, njia ninayoiamini ni mahojiano, ila ukiuliza vizuri. Balozi mstaafu ukimwuliza "kwa nini mlifanya vile?" atakupa hotuba; ameshaitoa mara 20. Mwulize: "Njia zipi ziliwekwa mezani? Ipi ilitajwa ikachekwa? Nani angepata shida kama angeipendekeza?" Kicheko cha chumba cha mkutano, mtu akikikumbuka bila kusukumwa, ni ushahidi bora wa mpaka wa yanayofikirika kuliko aya 10 za tamko la pamoja. Wapate angalau wawili waliokuwa kwenye chumba kimoja, uwahoji siku tofauti.

Mwisho, kwa kila uamuzi andika ukurasa mmoja wenye hoja shindani ya maslahi, kwa nguvu zake zote, kama ambavyo ungeuandika wewe uliyeniletea swali. Halafu tafuta mfano mmoja unaoibana, kama Zambia inavyobana hoja ya fedha za China. Ukiukosa mfano huo katika uamuzi wowote, uandike hivyo hivyo kwamba hapo maslahi yanatosha kueleza, na uhamie uamuzi unaofuata.